Mwongozo Kamili wa Kufaidi Raha Ndogo za Kila Siku na Kuwashirikisha Wenzako

Kuna raha ambazo hakuna anayezipangia safari wala kuziwekea akiba. Jua la asubuhi likikupiga mgongoni huku unafunga kamba za viatu. Shuka lililoanuliwa likiwa bado na joto. Kicheko cha mtu wa nyumbani kutoka chumba cha pili, hujui anacheka nini, lakini na wewe unajikuta unatabasamu. Chai iliyowekwa mbele yako kabla hujaiomba. Kwa kuwa ni za bure na zipo kila siku, ndizo tunazozipita bila kuzitazama.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyechoka kuzipita. Ninachosimamia ni kwamba raha ndogo inataka mambo mawili tu ili ikae moyoni: ipewe nafasi, na ipate mtu wa kuipokea. Watu wengi hufundishwa la kwanza wakaishia hapo. Wanajifunza kutulia, kuvuta pumzi, kuandika shukrani daftarini, na yote hayo ni mema, lakini raha inayobaki kifuani mwa mtu mmoja hukauka upesi. Kwa hiyo hatua zilizopo hapa zinaanza na kuona na kuonja, kisha zinaelekea kwa watu. Ukitaka kuruka hatua fulani, ruka. Hatua ya tano tu nakuomba usiiruke.

Kwa nini zinatuponyoka

Sababu ya kwanza ni mazoea. Mwaka 1978 watafiti watatu wa Marekani, Philip Brickman, Dan Coates na Ronnie Janoff-Bulman, walichapisha utafiti uliowalinganisha watu 22 walioshinda fedha nyingi za bahati nasibu na watu wa maeneo yale yale ambao hawakushinda. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi ya wenzao kwa kiwango cha maana. Zaidi ya hapo, walipoulizwa kuhusu mambo ya kawaida kama kuzungumza na rafiki, kula kifungua kinywa au kusikia kichekesho, walisema wanayafurahia kidogo kuliko wenzao. Idadi ya waliohojiwa ni ndogo, sitaki kuubebesha utafiti huo zaidi ya unachoweza kubeba, lakini unaonyesha jambo ambalo kila mtu amewahi kulionja: kikubwa kikija, kidogo hufifia, na kikubwa chenyewe nacho huzoeleka.

Sababu ya pili ni akili kuwa kwingine. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walitumia programu ya simu kuwauliza watu wazima 2,250, kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Asilimia 46.9 ya nyakati hizo mtu alikuwa anawaza kitu tofauti na anachokifanya, na kwa jumla alikuwa na furaha kidogo kuliko alipokuwa ameelekeza akili kwenye jambo lililo mkononi. Hata waliokuwa wanawaza mambo mazuri hawakuwa na furaha zaidi ya wale waliokuwepo pale walipo. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya muda wetu wa kuwa macho, chai tunainywa lakini hatupo.

Na kwa nini tusumbuke na vitu vidogo hivi? Kwa sababu ndivyo vinavyotengeneza uhusiano wa watu. Utafiti wa Harvard kuhusu maisha ya watu wazima, ulioanza mwaka 1938 na kuendelea kwa miongo mingi ukiwafuata mamia ya wanaume na baadaye familia zao, umeonyesha kwamba walioridhika na mahusiano yao wakiwa na umri wa miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Mahusiano hayo hayajengwi kwa sherehe. Sherehe ni siku moja. Yanajengwa na salamu za asubuhi, na kikombe kilichosogezwa, na swali la "umelala vipi?" linaloulizwa na mtu anayesubiri jibu.

Hatua ya kwanza: zijue raha zako kwa majina

Kabla ya kufaidi kitu lazima ukijue. Chukua kikaratasi au daftari dogo, ukae nalo siku tatu. Kila unapohisi moyo umelegea kidogo, hata kwa sekunde mbili, andika palepale kilichosababisha. Usisubiri usiku, kwa sababu usiku utakumbuka mambo makubwa tu, na hayo siyo tunayoyatafuta.

Siri ya orodha hii ni kuandika kwa undani. Ukiandika "familia" au "afya", umeandika kitu cha kweli lakini hakikusaidii, hakina mahali pa kukishika. Andika "mtoto alivyonishika kidole tulipokuwa tunavuka barabara." Andika "ukimya wa nyumba dakika kumi kabla ya wengine kuamka." Andika "jirani alivyonipungia mkono kwa mkono wenye sabuni." Ukisoma sentensi kama hizo baada ya mwezi, picha inarudi.

Siku ya tatu ikiisha, soma orodha yote, kisha weka alama kwenye zile zinazohusu mtu mwingine. Wengi hushangaa kuona ni nyingi kiasi gani. Weka alama nyingine kwenye zile ambazo zingeweza kumhusu mtu mwingine kama ungemwita. Hizo ndizo utakazozifanyia kazi baadaye.

Swali linalokuja mara nyingi ni kama uandike kila siku. Jibu langu ni hapana. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walionyesha kwamba watu walioandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo matano wanayoyashukuru, waliyatazama maisha yao kwa jicho jema zaidi kuliko walioandika kero zao. Baadaye Sonja Lyubomirsky na wenzake walikuta kuwa walioandika mara moja kwa wiki walinufaika, lakini walioandika mara tatu kwa wiki hawakunufaika. Shukrani ikigeuka kazi ya kujaza fomu, inapoteza ladha. Baada ya zile siku tatu za mwanzo, mara moja kwa wiki inatosha kabisa.

Hatua ya pili: ipe raha moja dakika tano

Usianze na orodha nzima. Chagua raha moja ambayo tayari ipo katika siku yako, usitafute mpya, halafu uipe dakika tano ambazo huchanganyi na kitu kingine. Nitatumia chai kama mfano, lakini inaweza kuwa kuoga, kumwagilia maua, au kukaa mlangoni jioni.

Mimina chai, uiache kwanza. Kuna sababu ya kiafya: mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliviweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinachangia saratani ya umio. Lakini kusubiri kuna faida nyingine. Kunakupa muda wa kushika kikombe kwa mikono yote miwili na kuona joto linavyotoka kwenye viganja likapanda hadi vifundoni. Inamia kidogo, mvuke ukupige usoni. Vuta harufu kabla ya kuonja. Funda la kwanza liache likae ulimini kidogo, limeze, kisha toa pumzi taratibu kupitia puani. Utaona ladha inarudi mara ya pili, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopandia nyuma ya koo. Weka kikombe chini. Funda la pili lisubiri. Kati ya funda na funda, tazama kitu kimoja tu: mwanga ulivyolala mezani, au mtu aliyekaa mbele yako.

Akili itaondoka. Itakwenda kwenye deni, kwenye kazi ya kesho, kwenye neno ulilojibiwa vibaya. Isikutie hasira. Irudishe kwenye kikombe kama unavyomrudisha mtoto mdogo aliyetoka nje ya uzio, kwa mkono wa upole, na akitoka tena unamrudisha tena.

Harufu inastahili kusemewa zaidi, maana ndiyo mlango tunaousahau. Taarifa za harufu hufika moja kwa moja karibu na sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, ndiyo maana harufu ya sabuni fulani inaweza kukurudisha utotoni kabla hata hujajua unakumbuka nini. Fikiria ile ya ardhi ikipata mvua baada ya kiangazi. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walieleza kwamba chanzo chake kimojawapo ni mafuta yanayojikusanya kwenye mawe na udongo mkavu kisha yakafumuka mvua inapogusa. Kingine ni jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno hewani. Siku mvua itakapoanza kunyesha, fungua dirisha, umwite aliye karibu. Simameni hapo dakika mbili. Hamna haja ya kusema kitu.

Hatua ya tatu: weka simu mbali

Hapa nitasema kwa ufupi kwa sababu kila mtu anajua, tatizo ni kutenda. Mwaka 2018 Ryan Dwyer, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn walichapisha utafiti ambapo watu walikwenda kula na ndugu au marafiki. Baadhi waliambiwa waache simu mezani, wengine waziweke mbali. Waliokuwa na simu mezani waliufurahia muda ule kidogo kuliko wenzao, na akili zao zilikuwa zimegawanyika zaidi.

Kugeuza simu kifudifudi hakutoshi, mkono unajua ilipo. Iweke chumba kingine, au ndani ya mfuko uliofungwa. Ukingoja simu ya dharura, washa sauti kwa namba hiyo tu, halafu uiache hukohuko. Na kama mnataka picha, pigeni moja mwanzoni, yaishe.

Hatua ya nne: punguza kidogo ili uonje zaidi

Hii inawasumbua watu kwa sababu inaonekana kinyume. Mazoea huvunjwa na pengo. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn waliwapa watu chokoleti, kisha wakawagawa: baadhi waache kabisa kula chokoleti kwa wiki moja, wengine wale nyingi wawezavyo, na wengine hawakupewa agizo lolote. Waliporudi na kupewa chokoleti tena, walioacha ndio walioifurahia zaidi.

Kwa hiyo chagua kitu kimoja unachokipenda na ambacho umeanza kukifanya bila kukihisi. Kiondoe kwa siku chache, au kipe siku yake maalumu. Wimbo unaoupenda, usiurudie mara nyingi mfululizo. Usikilize mara moja, uuache na hamu. Simulizi mnayoisikiliza pamoja nyumbani, ikatishieni panaponoga, muendelee kesho. Kutwa nzima mtakuwa mnaulizana itakuwaje, na kuulizana huko ni raha ya pili isiyo na gharama.

Angalizo: usipunguze watu. Pengo linafaa kwa chokoleti na nyimbo. Usilitumie kama mbinu kwa mwenzi wako au mzazi wako, ukamnyima salamu ili akutamani.

Hatua ya tano: mpe mwenzako

Raha ikishaonekana na kuonjwa, inataka kusemwa. Kuna wanaoona haya kusema vitu vidogo, wanaona ni utoto. Mtu ataeleza kwa kirefu jinsi foleni ilivyomchosha, lakini hataeleza kwamba amemwona ndege mwenye rangi nzuri dirishani. Jilazimishe kidogo mwanzoni. Sema kitu kimoja chema kwa siku, kwa mtu mmoja, na ukiseme kwa undani uleule ulioutumia kwenye orodha: "Nimekusikia ukiimba bafuni, nimefurahi kweli." "Ulivyonifunika shuka jana nilikuwa sijalala, nilihisi, asante." Sentensi kama hiyo haichukui sekunde tano, na aliyeambiwa ataibeba siku nzima. Inazidi kwa mbali "asante kwa kila kitu", ambayo husemwa hata na mtu ambaye hakuona chochote.

Upande wa pili ndio mzito zaidi: unampokeaje mwenzako anapokuletea raha yake? Shelly Gable na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2004, walitofautisha namna nne za kuipokea habari njema ya mtu. Nitazionyesha kwa mfano. Mdogo wako anaingia ndani, hata mkoba hajauweka chini.

"Dada, leo nimesifiwa kazini mbele ya watu wote!"

Unaweza kusema, "Aa, vizuri," macho yako yakiwa palepale yalipokuwa. Unaweza kusema, "Subiri sasa, watakuongezea kazi hao." Unaweza kusema, "Umekumbuka kunichukulia chaja?" Au unaweza kuacha unachokifanya, ukamgeukia: "Ee! Hebu kaa hapa. Nani kakusifia? Alisema nini hasa?"

Tazama uso wa mdogo wako katika kila jibu. La kwanza linamfanya anywee. La pili linamfanya ajute kusema. La tatu linamwambia habari yake haina uzito hata wa chaja. La nne linamfanya aketi, aeleze tangu mwanzo, aige sauti ya bosi, acheke, na raha iliyokuwa ya kwake peke yake inakuwa ya nyumba nzima. Katika utafiti ule, ni namna hii ya nne iliyoendana na mahusiano yenye ukaribu na kuaminiana. Wengi tunajitahidi sana kuwa na wenzetu kwenye shida, jambo jema, lakini mtu huja na habari ndogo njema mara nyingi zaidi ya anavyokuja na msiba. Nafasi za kumpokea ni nyingi kwa wiki, na nyingi tunazipoteza kwa kutoinua kichwa tu.

Ili uweze jibu la nne hata siku umechoka, shika mambo haya. Weka chini kilicho mkononi. Geuza mwili mzima, siyo shingo tu. Uliza swali linalotokana na alichosema, kisha jingine linalotokana na jibu lake. Maswali ya namna hii humfanya mtu aone amesikilizwa. Mwache asimulie mara mbili akitaka. Na usilete habari yako inayofanana, hata kama ni nzuri kuliko yake. Yako itapata zamu. Kama kweli huna nguvu, sema hivyo kwa uaminifu: "Nataka kuisikia yote, lakini kichwa kinaniuma, nipe nusu saa nipumzike, halafu uniambie." Kisha baada ya nusu saa mwendee wewe, usimngoje.

Kwa watoto, shuka chini hadi macho yenu yalingane. Mtoto anayekuonyesha jiwe hana haja ya kusifiwa jiwe, anataka ulishike. Lishike, uligeuze, umuulize amelitoa wapi. Kwa wazee, geuza mambo: waombe wao wakuambie raha zao za zamani, na ukipata nafasi mtengenezee mojawapo. Mzee akisema alikuwa anapenda kukaa nje kukipambazuka, kesho mtolee kiti nje.

Wenzako walio mbali usiwaachie ujumbe wa maandishi peke yake. Amit Kumar na Nicholas Epley walionyesha mwaka 2021 kwamba watu hudhani kupiga simu kutaleta aibu kuliko kuandika, lakini waliozungumza kwa sauti walijiona wamekaribiana zaidi, na aibu ile waliyoiogopa haikutokea. Piga. Anza hivi: "Sina shida yoyote, nimeona kitu nikakukumbuka." Kisha mwambie umeona nini.

Hatua ya sita: mikono

Ngozi yetu ina mishipa ya fahamu ambayo kazi yake ni kuitikia mguso wa taratibu. Mwaka 2009 watafiti walipima na kukuta kuwa mishipa hiyo huitikia zaidi mkono unaopita kwenye ngozi kwa mwendo wa kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, ambao ndio watu huutaja kuwa unapendeza. Ni mwendo uleule mama anaoutumia kumpapasa mtoto mgongoni bila kufundishwa na mtu. Kwa hiyo ukimkumbatia mtu wako, usimpige mgongoni haraka haraka kisha ukamwachia. Tulia hadi mabega yake yashuke. Unapopita nyuma ya kiti chake, weka mkono begani kidogo, kisha endelea na safari zako.

Sharti ni moja na halina mjadala: mguso ni wa anayeutaka. Muulize, na akisita, umepata jibu. Hili linawahusu watoto pia, wasilazimishwe kumkumbatia mtu eti kwa sababu ni ndugu.

Hatua ya saba: jipangieni kipindi kifupi cha pamoja

Raha za kubahatika ni tamu, ila nyumba au kundi la marafiki linahitaji moja isiyotegemea bahati. Ibandikeni kwenye jambo ambalo tayari mnalifanya: dakika kumi za kubaki mezani baada ya kula, kutembea hadi kona na kurudi kabla ya giza, kikombe cha pamoja siku ya mapumziko. Iwe fupi kiasi kwamba hakuna mwenye kisingizio. Pasiwe na mtu mmoja anayeandaa kila mara huku wengine wanastarehe, maana raha ya wote inayotoka mgongoni mwa mmoja si raha ya wote. Anayeosha vyombo wakati wengine wanacheka, mwende mkaoshe naye, kicheko kihamie jikoni.

Mnafanya nini humo? Chochote kinacholeta kicheko au wimbo. Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu wakicheka kweli pamoja, uwezo wao wa kuvumilia maumivu hupanda, dalili kuwa mwili umetoa endofini, kemikali zinazotuliza na kuwafanya watu wajisikie karibu. Kuimba pamoja nako huwaunganisha watu haraka, hata wasiojuana, na hakuhitaji sauti nzuri.

Mkikosa siku moja, msilaumiane. Endeleeni siku inayofuata.

Hatua ya nane: watu wa kupita

Usiwasahau dereva, muuzaji, mlinzi, mtu wa kiti cha pili. Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba abiria wa treni na mabasi huko Chicago wazungumze na mgeni aliyekaa karibu. Watu walikuwa wametabiri safari ya namna hiyo ingekuwa mbaya. Waliozungumza walisema safari yao ilikuwa nzuri kuliko ya waliokaa kimya. Huhitaji mada. Sema mnachokiona nyote wawili: hali ya hewa, mtoto anayechekesha, foleni iliyosogea ghafla. Akijibu kwa neno moja, mwachie utulivu wake.

Siku zisizo na raha

Kuna nyakati ambazo hakuna kati ya haya litakalofanya kazi, na si kosa. Aliyefiwa, anayeuguza, aliyefukuzwa kazi, asiambiwe atazame maua. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, kaa naye, mletee maji, nyosha kitanda chake, usimdai tabasamu. Raha ndogo hurudi zenyewe kwa mtu aliyeomboleza vya kutosha, na mara nyingi hurudi kwanza kupitia mkono wa mwenzake. Wala raha ndogo zisitumike kumnyamazisha mtu anayedai haki yake au mshahara wake. Anaweza kufurahia jua la asubuhi na bado akadai.

Ila tofautisha huzuni na ugonjwa. Kama wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hakuna kinachokupa ladha, hata vile ulivyovipenda sana, na usingizi, hamu ya kula au nguvu vimebadilika, nenda kamwone mhudumu wa afya. Hizo zinaweza kuwa dalili za sonona, nayo inatibika. Ukianza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii, usingoje wiki mbili.

Hatua ya tisa: mwandikie aliyekupa

Rudi kwenye orodha yako ya kwanza, kwenye zile zenye alama ya mtu mwingine. Chagua moja ambayo mwenyewe hajui kwamba alikupa. Kumar na Epley, katika kazi yao ya mwaka 2018, waliwataka watu waandike barua za shukrani, kisha wabashiri wapokeaji watajisikiaje. Waandishi walidhani wapokeaji wataona haya zaidi ya walivyoona kweli, na walikadiria furaha yao kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Waandishi walihangaika na ufundi wa maneno. Wapokeaji waliguswa zaidi na upendo uliokuwamo.

Kwa hiyo andika sentensi tatu. Ya kwanza iseme alichofanya na lini, kwa undani. Ya pili iseme kilikufanyia nini. Ya tatu imtakie jambo jema, bila kuomba kitu. Mfano: "Mama, ulivyokuwa unaacha taa ya barazani ikiwaka nikichelewa kurudi, nilikuwa naiona tangu njia panda. Nilikuwa nikiiona tu, hofu inaisha. Nakuombea usingizi mzuri leo." Soma mara moja, rekebisha jina kama umekosea, tuma. Asipojibu siku hiyo usimkumbushe. Wengine husoma, wakahifadhi, wakasoma tena, na jibu lao likaja wiki nyingine kwa njia tofauti kabisa, kwa kukupigia simu wakiuliza tu umekula nini.